Kisu cha wembe au kisu cha kukunja? Fundi jipsamu anauliza

BARUA

Kaka mshauri shikamoo, na pole na majukumu. Mimi ni fundi, nipo Mbagala huku Dar, kazi yangu kubwa ni dari za jipsamu ila fundi wa mtaani unajua hachagui, leo jipsamu, kesho unaitwa kuvuta waya za taa, keshokutwa kuna mtu anataka atandikiwe kapeti la plastiki sebuleni, na Jumamosi namsaidia mke wangu kufungua belo la mtumba maana anauza nguo za watoto. Kwa hiyo kisu kwangu mimi kinatoka mfukoni kutwa nzima.

Sasa shida yangu ndo hii. Miaka yote natumia vile visu vya plastiki vya kusukuma na kidole gumba, vyenye wembe mrefu wa mistari mistari, vya elfu mbili elfu tatu. Vikiwa vipya vinakata balaa, ila wembe unavunjika hovyo. Huwa nautoa mrefu ili bodi ikatike kwa mkupuo mmoja, sasa juzi ukakatika kazi ikiwa katikati, kipande kikaruka kikamchana saidia fundi wangu shavuni, chini kidogo ya jicho. Dogo ana miaka 19, mama yake mwenyewe ndo alinikabidhi nimfundishe kazi. Tulimuosha tukabandika plasta, kidonda sasa hivi kinafunga, lakini mimi toka siku ile sina amani kabisa na hivi visu.

Kila mtu ana lake la kusema. Baba mkwe anasema achana na wembe, tafuta kisu cha kukunja cha maana, unanoa unatumia mpaka unazeeka, yeye anacho cha toka ujanani. Fundi aliyenifundisha kazi anasema kisu cha kukunja ni cha kumenyea chungwa, jipsamu utakatia wembe tu. Mke wangu yeye anachotaka ni kimoja, niache kuchukua kisu chake cha jikoni kwenda nacho saiti. Na kaka yangu anaishi Birmingham, anakuja mwezi wa kumi na mbili, kasema niseme nataka kisu gani aniletee, anavisifia sana vile vyekundu vya Uswisi vyenye alama ya msalaba.

Naomba unisaidie, nishike kipi? Na kama ni viwili, nianze na kipi maana bajeti yenyewe ni elfu thelathini hivi. Na je kaka yangu hatapata shida airport?

Fundi wa Mbagala

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya kisu naomba tuanze na huyo dogo. Hujasema kama alichomwa sindano ya pepopunda, umesema plasta tu. Wembe uliokuwa unakata jipsamu umejaa vumbi na uchafu wa saiti na umeingia kwenye ngozi, kwa hiyo mpeleke kituo cha afya hata kama kidonda kimeshaanza kufunga, wataangalia kama chanjo zake zipo sawa, na kama jicho linauma, linatoa machozi au anaona ukungu basi usisubiri kesho. Halafu mnunulie miwani ya kazi, na wewe yako, ile ya plastiki nyeupe wanayovaa watu wa grenda, hiyo itoke kwenye hiyo elfu thelathini kabla ya kitu kingine chochote. Mama wa watu amekupa mtoto.

Haya, kisu. Baba mkwe yuko sahihi na fundi wako yuko sahihi, kwa sababu hawazungumzii kazi moja. Watu wanabishana kisu kipi kizuri wakati swali lenyewe ni unakata nini. Kuna vitu vinakula makali. Jipsamu, boksi, kapeti la plastiki, sandpepa, vifuko vya simenti, hivi vyote haijalishi umekatia chuma cha bei gani, makali yanaisha. Boksi watu wanaliona laini lakini lile karatasi lake mara nyingi limetengenezwa na karatasi zilizorudiwa, ndani lina vumbi la madini, na kwenye godauni limeburuzwa chini limeokota mchanga. Ukitumia kisu kizuri cha kukunja kwa kazi hizo, jioni unakaa na kinoo nusu saa, kesho yake hivyo hivyo, mwisho unachoka unaanza kukata na kisu butu, na kisu butu ndo kinachojeruhi zaidi kwa sababu unakikandamiza kwa nguvu na kikiteleza kinaondoka na hiyo nguvu yote.

Wembe wa kubadilisha umetatua hilo kwa njia rahisi sana, ukichoka unatupwa. Na kuna kitu kingine ambacho wengi hawakiangalii, unene. Wembe wa hivi visu una kama nusu milimita na kidogo tu, wakati kisu cha kukunja cha kawaida mgongo wake unaenda milimita moja na nusu, mbili, mpaka tatu. Pitisha vyote viwili kwenye boksi nene utaona, wembe unapita na kisu kinene kinajibana kati, kinapasua badala ya kukata. Kwa hiyo kwa kazi yako kubwa, dari, fundi wako kashinda, kisu chako cha kwanza kiwe cha wembe. Hapo sina kigugumizi.

Ila sio hicho ulichonacho, na sio kwa namna unavyokitumia.

Huo wembe wa mistari unavunjika kwa sababu umetengenezwa ili uvunjike. Mjapani mmoja wa Osaka, Yoshio Okada, mwaka 1956 alikuwa kazi yake kukata karatasi na nyembe zilikuwa zinaisha makali haraka, ncha inakufa na sehemu nyingine yote bado nzima unaitupa. Inasemekana aliangalia mafundi viatu wanaokwangua soli kwa vipande vya chupa, chupa ikiwa butu wanaivunja wanapata makali mapya, na akakumbuka zile chokoleti za wanajeshi wa Kimarekani zinazovunjika vipande kwa mistari, ndo akachora mistari kwenye wembe. Kampuni yake ya visu ndo inaitwa Olfa mpaka leo. Sasa ile mistari ni sehemu ambazo chuma kimepunguzwa makusudi. Ukitoa vipande vinne vitano nje halafu ukaukandamiza kwenye bodi na mkono ukapinda kidogo tu, unaufanyia wembe kile kile ulichoundwa ufanye, unauvunja, tofauti ni kwamba hukuchagua saa wala kipande kitakapoelekea.

Na kwenye jipsamu huhitaji urefu huo kabisa mdogo wangu, hapa nisikilize vizuri. Bodi ya jipsamu haikatwi ikatoboka. Unaweka rula ya chuma au levo, unachana karatasi ya mbele na unga kidogo wa ndani, mara moja kwa mkono mwepesi, mara ya pili ukifuata mstari ule ule, kisha unaisimamisha unaipiga goti kwa nyuma au unaivunja kwenye kona ya meza, inakatika yenyewe kwenye ule mstari, halafu unapitisha wembe kwenye karatasi ya nyuma iliyobaki imeshikilia. Hapo wembe umeingia milimita chache tu. Kipande kimoja cha wembe nje kinatosha, viwili ni vingi. Kingo ikiwa na manyoya unaipitishia sandpepa. Ukifanya hivi hata wembe wa elfu mbili hautakuvunjikia kirahisi, na bodi inakatika safi kuliko mkupuo mmoja.

Pamoja na hayo mimi nakushauri uhame kwenye mistari kabisa kwa kazi za saiti, uchukue kile cha wembe mfupi mgumu, ule wenye umbo kama trapeza, yaani pembe nne na upande mmoja mrefu kuliko wa pili, makali upande mmoja, mwili wa chuma, unasukuma mbele kwa kidole na unaurudisha ndani. Unakijua, mafundi wengi wanakiita Stanley hata kama kimeandikwa jina lingine. Wembe wake hauna mistari kwa hiyo hauna mahali palipoandaliwa kuvunjika, unatoka sentimita mbili tatu tu nje, na ukichoka ncha moja unafungua skrubu unaugeuza, ncha ya pili ni mpya kabisa. Nyembe zinauzwa kwa pakiti za tano au kumi na karibu zote zinaingiliana, kampuni hii na ile, kwa hiyo huwi mtumwa wa duka moja.

Ukienda kununua usinunue ukiwa umefungiwa kwenye plastiki tu, omba ukishike. Toa wembe nje, ubonyeze kwenye kipande cha mbao kama unakata, ukirudi ndani wenyewe kirudishe kwa mwenye duka. Tikisa wembe kushoto na kulia, ukicheza sana achana nacho. Ndani ya mkono, pale wembe unapopita, kuwe na chuma na sio plastiki tupu, hata ukiamua kubaki na wa mistari angalia hilo hilo. Na kama utabaki na wa mistari basi chukua upana wa milimita 18, au 25 kwa kazi nzito, ile myembamba ya milimita 9 ni ya karatasi na stika, mtu wa jipsamu hana kazi nayo. Kuuvunja usitumie vidole, shika na plaizi, elekeza chini, miwani usoni, kipande kiingie kwenye kopo lenye mfuniko uliotoboa tundu, kopo likijaa unalifunga na solotepu ndo unatupa. Vipande vilivyoachwa saiti vinakanyagwa na watu wenye kandambili, na watoto wa mwenye nyumba wanapita hapo jioni.

Kwenye waya sasa. Kuchuna ganda la nje la kebo kisu cha wembe kinafaa ila kwa mkono mwepesi sana, unazungusha kuzunguka ganda bila kufika ndani, unapinda, linaachia. Nyaya za ndani, ile ya milimita za mraba 1.5 ya taa na 2.5 ya soketi, usizichune kwa kisu cha aina yoyote, nunua koleo la kuchunia. Wembe ukigusa shaba unaacha alama, waya ukikunjwa hapo unavunjika ndani ya swichi au unabaki umeshikilia kidogo unapata moto, mwenye nyumba anakuja kuona soketi imeungua baada ya miezi. Na umeme unazimwa swichi kuu unapima na testa kabla hujagusa, kisu hata kiwe na mpini wa plastiki wa kupendeza vipi sio kifaa cha umeme.

Belo la mtumba ndo sehemu iliyonifurahisha kwenye barua yako kwa sababu kuna kitu kidogo kitakachomuokolea mke wako hela. Mikanda ikiwa ya chuma msikate na kisu, tafuteni mkasi wa bati, na simama pembeni ya mkanda, usisimame mbele yake, maana umevutwa kwa nguvu na ukikatika unachapa kama fimbo. Ya plastiki kisu kinakata, simama pembeni vile vile. Ila ule mfuko wa nje, hapo ndo watu wanachana nguo. Ncha ya kisu inazama, unavuta, unakuta gauni la mtoto la daraja la kwanza lina mpasuko wa shibri nzima. Kwenye hicho kisu cha wembe wa trapeza zinaingia nyembe za ndoano, umbo lake limepinda kama kucha ya kuku, makali yapo ndani ya mpindo na mgongo wake ni butu. Unatoboa kitundu, unaingiza ndoano, unavuta, mfuko unakatika na mgongo butu unateleza juu ya nguo. Wembe huo huo ndo mafundi wa kapeti wanaupenda kwa sababu haukwaruzi sakafu. Ulizia kwenye duka la vifaa vya kapeti kama la hardware hawana. Kisu kimoja, nyembe za aina mbili, umemaliza dari, kapeti na belo.

Sasa tumheshimu baba mkwe. Kisu cha kukunja kina kazi yake na wembe hauwezi kuichukua. Ukitaka kukata kamba ya katani nene, kuchonga kabari ya mti, kukwangua rangi kidogo, kunolea penseli ya kuchorea bodi, unataka kisu chenye mgongo, wembe ukiupinda pembeni kwenye mti unakatika vipande. Na chakula. Mchana saiti mnanunua wali maharage, kuna ndimu, kuna pilipili, kuna nanasi la kugawana, na nimeona kwa macho yangu mafundi wanafuta wembe wa jipsamu kwenye suruali wanakata nanasi. Hapana jamani. Kwenye huo wembe kuna vumbi, mafuta ya kuzuia kutu, gundi ya solotepu, na kipande kidogo cha ncha kinaweza kubaki kwenye tunda ukakimeza. Cha chakula kiwe cha chakula, hapo ndipo kisu cha kukunja kinapolipa, na kisu cha mama watoto kinabaki jikoni kwake kwa amani.

Hivyo vya Uswisi anavyovisifia kaka yako, ni vizuri kweli. Victorinox wanatengeneza toka 1884, jeshi la Uswisi lilianza kupewa visu vyao 1891, na kile chekundu cha maafisa kilisajiliwa 1897. Chuma chake hakishiki kutu kirahisi na kwa joto na chumvi ya pwani yetu hilo ni jambo kubwa. Lakini ujue kitu kimoja, vile vya saizi ya kawaida, milimita 91 kikiwa kimekunjwa, wembe wake ukiwa wazi haujifungi kwa kufuli, kuna springi tu inaushikilia. Ukikata kwa kuvuta hakuna shida, ila ukisukuma kwa ncha, kama vile kutoboa kitu kigumu, unaweza ukajikunja ukakufungia vidole. Usikitumie kutobolea bodi tundu la taa. Vyenye kufuli vipo, vile vikubwa vya milimita 111.

Kingine ambacho mimi nakipenda kwa mtu wa kawaida ni Opinel cha Wafaransa, mpini wa mti, kimeanza kutengenezwa 1890, na toka 1955 kina pete ya chuma shingoni, unaizungusha wembe unajifunga haurudi. Namba 8 ina wembe wa sentimita 8 na nusu, mwembamba, unakata chakula vizuri kuliko visu vingi vya kukunja. Uchague kilichoandikwa Inox, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, kile kingine cha kaboni kinashika kutu usipokifuta, na mpini wa mti ukilowa unavimba kisu kinakuwa kigumu kufunguka, kwa hiyo usikioshe kwa kukiacha kwenye beseni.

Kunoa ni wewe na kinoo chako, lowesha, lala kisu kama digrii 15 mpaka 20, upande huu na upande huu, taratibu. Wale vijana wa baiskeli wanaopita wananoa mtaani wapo wenye mkono mzuri, ila jiwe la kuzunguka likikaa sehemu moja muda mrefu chuma kinapata moto, ukiona makali yamegeuka bluu ujue ile sehemu imelainika, haitashika makali tena mpaka inolewe yote ikaisha. Mwambie apitishe kidogo kidogo na maji yawepo karibu.

Kuna aina ya tatu utaiona madukani, kisu kinachokunjwa ila ndani kinabeba wembe wa trapeza. Watu wanakipenda kwa sababu kinakaa mfukoni vizuri. Mimi kwako sikisukumi, kwa sababu wewe uko juu ya ngazi mkono mmoja umeshikilia bodi, unataka kisu ambacho kidole gumba kinakitoa na kukirudisha, na vingi vya kukunja kukifunga kinataka mikono miwili au ukifungie pajani, ndo unashuka ngazi na kisu kiko wazi.

Kuhusu kubeba, usitembee nacho mfukoni kwenye daladala usiku. Kisu kikiwa kwenye begi la zana pamoja na futi, msumeno na bisibisi, askari akifungua anaona fundi anarudi nyumbani. Kikiwa peke yake mfuko wa suruali saa nne usiku una maelezo marefu ya kutoa. Na wembe uwe ndani umefungwa, hata ndani ya begi.

Kwa hiyo hela yako naipanga hivi, miwani miwili, kisu cha wembe cha mwili wa chuma, pakiti ya nyembe za kawaida, na nyembe chache za ndoano. Ikibaki ongeza glovu za kazi za mkono wa kushoto, ule unaoshikilia rula, ndo unaokatwa siku zote. Kisu cha kukunja usikinunue sasa, msubiri kaka.

Na kaka mwambie hivi. Akichukua cha Uswisi cha kawaida kisichojifunga chenye makali chini ya inchi 3, huko Uingereza sheria yao ya mwaka 1988 inaruhusu mtu kutembea nacho hadharani, ila Opinel yenye pete inahesabiwa ni ya kujifunga, kukaa nayo mfukoni mtaani bila sababu ya msingi ni kosa, kwa hiyo akiinunua ibaki kwenye boksi lake na risiti, ipelekwe nyumbani, iingie kwenye sanduku. Siku ya safari kisu chochote kiende kwenye begi linaloingia chini ya ndege, kifungwe kitambaa kisimkate mkaguzi, kisiguse kabisa begi la mkononi maana pale kwenye skana watakichukua na hatakiona tena. Akikuuliza namba ya Opinel mwambie namba 8, Inox.